Taa Zinanikonyeza

Simu ya mama kutoka Kisondela saa nane usiku huwa haina habari njema. Niliipokea nikiwa nimeshakaa kitako kitandani. "Mwanangu," akasema kwa sauti ya kunong'ona, kama mtu aliyejificha, "hizi taa zako zinanikonyeza."

Ilikuwa Aprili, na anayeijua Rungwe anajua mvua ya Aprili. Krismasi iliyotangulia nilikwenda nyumbani na taa 5 za kuwashwa kwa simu, wati 9 kila moja, nilizonunua Kariakoo. Nilijigamba kwa ndugu zangu: nikiwa Dar es Salaam nitamwashia mama taa ya barazani giza likiingia, na akilala nitamzimia. Mama mwenyewe hakuwa ameomba kuwashiwa wala kuzimiwa.

Kuzifunga kulinitoa jasho. Taa hizo hushika mawimbi ya gigahezi 2.4 tu, na ruta ya laini niliyokwenda nayo ilikuwa imetegeshwa kwenye 5. Jioni nzima nikazilaumu taa kabla sijafungua mipangilio ya ruta. Zilipokubali, likabaki jambo moja: taa ikizimwa ukutani haina umeme, na isipokuwa na umeme haisikii simu. Nikachukua selotepu, nikabandika swichi zote zikiwa zimewashwa. "Mama, hizi usiguse." Akaitikia. Mama yangu akiambiwa na mtoto aliyesoma kwamba kitu kisiguswe, hakigusi.

Februari bando la ruta liliisha, nami nikasahau. Taa zikawaka usiku kucha kwa wiki mbili, naye akawa analala na kitenge usoni, asiniambie kitu. Uniti hazikuniuma, taa 5 za wati 9 kwa saa 12 ni nusu uniti na ushei. Kiliniuma kile kitenge. Nikaongeza bando, nikadhani yamekwisha.

Usiku ule wa Aprili radi ilipiga, umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena, mara tatu au nne kabla hujamaliza kusema "pole". Sasa, taa nyingi za aina hii zimeundwa hivi: ukitaka zisahau mtandao wa zamani zijiunge na mpya, unaziwasha na kuzizima harakaharaka mara kadhaa, mara nyingi tatu. Taa haina njia ya kujua kama aliyeiwasha na kuizima ni mtu au ni radi. Zikahesabu, zikaisahau ruta, zikaanza kupepesa zikingoja simu ije iziunganishe upya. Simu yenyewe ilikuwa chini ya mto wangu, Dar.

Mama alipanda juu ya kiti, akazing'oa moja moja kwa kitenge kilekile, chumba kikimwakia na kumzimikia. Ya barazani hakuifikia. Ndipo akahamia jikoni, nje, akanipigia.

"Kwa nini hukuzima ukutani, mama?"

"Si ulinikataza?"

Nilirudi mwezi wa sita na fundi kutoka Tukuyu, bado nikiwa na ubishi. Nilitaka tuweke swichi janja ukutani, ili mkono na simu vyote vifanye kazi. Fundi akafungua kisanduku cha swichi, akanimulikia tochi: nyaya mbili tu, wa moto unaoingia na unaopanda kwenye taa. Nyutro imepita juu ya dari, haishuki ukutani, na swichi niliyokuwa nimeinunua inaidai. Nyumba nyingi zimefungwa hivyo, na hilo ni la kuchunguza kabla hujatoa hela. Ziko za kufanya kazi bila nyutro, akasema, lakini hupitisha umeme kidogo hata zikiwa zimezimwa, na taa ndogo za LED zinaweza kubaki zinafifia na kumetameta. Neno "kumetameta" lilinitosha.

Akarudisha taa za kawaida. Mama akabandua selotepu kwa kucha, akabonyeza, ikawaka, akabonyeza, ikazimika. "Ndaga," akasema, akimtazama fundi.

Niliongeza taa moja tu, kwenye banda la ng'ombe. Si ya mtandao. Ina kijicho kinachopima mwanga, giza likiingia inawaka yenyewe. Siku za ukungu mzito inawaka saa nne asubuhi, na mama hunipigia simu kunicheka.