Deni la Mlango Uliofungwa: Fikihi na Kufunguliwa Upya kwa Biashara za Mji wa Kale, Mombasa

Mjadala wa kufungua tena biashara wakati wa janga la Uviko-19 uliendeshwa kwa sehemu kubwa kwa mizani ya sahani mbili, uhai huku na riziki kule, na kila upande ukaulaumu mwenziwe kwamba ama haujali wanaokufa au haujali wanaolala na njaa. Katika fikihi, yaani elimu inayofafanua hukumu za sheria ya Kiislamu katika ibada na katika miamala, swali la kwanza, la kipi kitangulie, lilikwisha kujibiwa zamani. Wanazuoni waliochunguza makusudio ya sheria, kuanzia Abu Hamid al-Ghazali hadi Abu Ishaq al-Shatibi wa karne ya 8 Hijria, walitaja mambo matano ambayo sheria imekuja kuyalinda, nayo ni dini, nafsi, akili, kizazi na mali, na hawakuona shida kusema kwamba nafsi huitangulia mali pale ambapo vyote viwili haviwezi kulindwa kwa pamoja. Swali gumu, ambalo mwaka 2020 halikuzungumzwa ipasavyo, ni lile linalofuata: mali ya mtu mmoja ikishatolewa ili nafsi za watu wengi zisalimike, hasara hiyo ibaki kwa nani?

Mji wa Kale wa Mombasa unafaa kuwa mfano kwa sababu huko swali hilo lilibana kuliko mahali pengi. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 13 Machi 2020, kafyu ya usiku ikaanza tarehe 27 mwezi huohuo, na tarehe 8 Aprili watu wakazuiwa kuingia na kutoka katika Kaunti ya Mombasa. Kisha tarehe 6 Mei serikali ikafunga sehemu mbili ndani ya miji ambayo tayari ilikuwa imefungwa, Eastleigh kule Nairobi na Mji wa Kale kule Mombasa, ikaamuru pia mikahawa na masoko ya humo yasifanye kazi. Amri ilikuwa ya siku 15, ikaongezwa, na haikuondolewa mpaka mwanzoni mwa Juni. Tarehe hizo zina uzito wake. Ramadhani ya mwaka 1441 Hijria ilikuwa imekaribia nusu, na Idi iliangukia ndani ya kipindi hicho, maana yake ni kwamba muuza sambusa na kaimati, mshona kanzu na muuza vitambaa walifungiwa katika wiki ambazo kwa kawaida ndizo zinazowabeba katika miezi mikavu ya mwaka. Aliyefungiwa mwezi kama huo hakupoteza mwezi mmoja tu.

Amri yenyewe ina mashiko katika fikihi, na haifai kubishaniwa kwa msingi kwamba eti tahadhari hupingana na kumtegemea Mungu. Hoja hiyo ilikwisha kuzuka zama za khalifa Umar bin al-Khattab, alipopata habari ya tauni ya Amwas katika nchi ya Sham akaamua kurudi na watu wake badala ya kuingia. Sahaba Abu Ubayda alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, na jibu la Umar, kwa ufupi, lilikuwa kwamba anaikimbia kadari moja kuiendea nyingine. Wanasheria wa baadaye waliliweka jambo hilo katika kanuni, na mojawapo imeandikwa katika Majalla, mkusanyo wa sheria za miamala uliotolewa na dola ya Uthmaniya kati ya miaka 1869 na 1876: dhara linalompata mtu mmoja au wachache huvumiliwa ili kuzuia dhara linaloenea kwa umma. Mfano unaorudiwa katika vitabu ni ule wa tabibu asiyejua kazi yake, ambaye huzuiwa kutibu ingawa kuzuiwa huko kunamkatia riziki. Kwa kanuni hiyo mkahawa hufungwa, na mwenye mkahawa hana la kudai dhidi ya kufungwa kwenyewe.

Lakini Majalla hiyohiyo, hatua chache mbele, ina kanuni nyingine ambayo watunga amri wa mwaka 2020 hawakuitaja, nayo husema kwamba dharura haifuti haki ya mwingine. Mfano wake ni mtu aliyeshikwa na njaa ya kufisha jangwani, akakuta chakula cha mtu: ana ruhusa kukila, bali ni wajibu wake kukila ili asife, na mwenyewe hana haki ya kumzuia ikiwa yeye mwenyewe hakihitaji kwa dharura kama hiyo, lakini akishanusurika analo deni la thamani ya kile alichokula. Ruhusa inaondoa dhambi, haiondoi dhamana. Dhamana hapa ni wajibu wa kufidia kilichotumika au kuharibika, na wanazuoni waliitenganisha kwa makusudi na suala la kosa, kwa sababu mtu anaweza kuwa hana kosa lolote na bado akawa na deni. Kanuni hizi mbili zikisomwa pamoja, hukumu ya Mji wa Kale inakuwa wazi zaidi kuliko ilivyoonekana wakati ule. Tabibu mjinga halipwi fidia kwa sababu dhara lilitoka kwake. Muuza kaimati hakuwa na ujinga wala hila. Umma ulikuwa na njaa ya usalama, ukakila chakula chake, na umma huo ndio uliobaki na deni.

Deni hilo halikuisha siku vizuizi vilipoondolewa, kwa sababu kufungua kwa usalama ni kufungwa kwa sehemu. Mikahawa iliporuhusiwa kurudi kazini nchini Kenya, kuanzia mwisho wa Aprili 2020 kwa maeneo mengine, ilipewa masharti: wafanyakazi wapimwe, wateja wakae umbali wa mita moja na nusu, wanaoingia wapimwe joto na kunawa mikono, chakula cha kujipakulia kiondolewe, na milango ifungwe mapema ili kafyu isivunjwe. Katika hoteli ndogo ya Mji wa Kale, na hoteli kwa maana ya pwani ni chumba kimoja cha kulia chenye meza tano au sita za formaika na jiko nyuma, sharti la umbali pekee liliondoa nusu ya meza. Ndoo yenye mfereji mlangoni ilihitaji maji, na Mombasa ni mji ambao maji ya bomba hayategemewi, watu wengi hununua mitungi ya lita 20 inayosukumwa kwa mkokoteni. Kwa hiyo kila mpita njia aliyenawa pale, hata asiponunua mahamri, alinawa kwa fedha ya mwenye hoteli. Kafyu ya jioni nayo iliuchukua wakati wa mishkaki. Kodi ya chumba haikupungua kwa mita wala kwa saa.

Upo upinzani wenye nguvu. Kanuni nyingine ya fikihi husema kwamba faida huandamana na dhamana, yaani anayevuna manufaa ya kitu ndiye abebe mzigo wake, na mfanyabiashara ndiye anayefaidika kwa kufungua, basi na anunue sabuni. Tena usafi wa chakula ni wajibu wa kazi yake tangu zamani. Katika miji ya Kiislamu palikuwa na hisba, wadhifa wa kusimamia maadili ya umma na hasa masoko, na aliyeushika aliitwa muhtasib. Al-Shayzari, aliyeandika mwongozo wa kazi hiyo katika karne ya 6 Hijria, alitaka mkanda unga wa mkate afunike mdomo na pua ili akizungumza au kupiga chafya mate yasiangukie unga, na afunge kitambaa kwenye paji la uso kuzuia jasho. Barakoa ya mwokaji, kwa maneno mengine, ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani, na ni vigumu kudhani kwamba hazina ya dola ndiyo iliyolipia kitambaa.

Upinzani huo unathibitisha sehemu tu ya madai yake. Kitambaa cha mwokaji wa al-Shayzari kinamlinda anayekula mkate ule, na gharama yake huingia katika bei ya mkate, kwa hiyo anayelindwa ndiye anayelipa. Meza iliyoondolewa mwaka 2020 ilimlinda pia bibi mzee wa mtaa wa tatu ambaye hajawahi kukanyaga hoteli ile, muuguzi wa hospitali ambayo isingeelemewa, na abiria wa feri ya Likoni. Pale manufaa yanapokuwa ya umma mzima, kanuni ileile ya faida na dhamana humgeukia umma. Al-Ghazali alihesabu kilimo, ufumaji na ushonaji kuwa faradhi za kutoshelezana, yaani wajibu wa jamii nzima ambao baadhi yao wakiutimiza wengine husamehewa, na wote wakiuacha wote hupata dhambi. Ikiwa mshoni na mwokaji wanafanya kazi kwa niaba ya jamii, ni vigumu kuona jamii inapataje kuwaambia, siku ya dhiki, kwamba duka ni lao peke yao.

Mzozo wa kodi ya chumba ulikuwa mchungu zaidi, kati ya mpangaji na mwenye nyumba, na hapa fikihi inayofuatwa pwani haimpi mpangaji faraja ya haraka. Al-Nawawi, katika Minhaj al-Talibin, kitabu kinachosomeshwa kwa vizazi vingi na Mashafii, yaani wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafii, wakiwamo wa Lamu, Mombasa na Zanzibar, ameandika kwamba mkataba wa kupanga hauvunjiki kwa udhuru wa mpangaji, na mfano wake ni aliyepanga hamamu, yaani nyumba ya kuogea watu, kisha akakosa kuni za kuchemshia maji. Nyumba ipo, imekabidhiwa, kodi inadaiwa. Mwenye nyumba wa Mji wa Kale aliyeshika hoja hii hakuwa amezua jambo. Hata hivyo mfano wa kuni ni wa mtu mmoja na shida yake. Wahanbali, wafuasi wa madhehebu mengine ya fikihi ambao Ibn Qudama aliandika maoni yao katika al-Mughni, walitofautisha udhuru wa namna hiyo na hofu ya jumla, inayowazuia watu wote kukaa au kufika mahali kitu kilipopangishwa, wakampa mpangaji hiari ya kuvunja mkataba. Mtaa uliozungukwa na vizuizi vya polisi unafanana na hali hii ya pili zaidi kuliko na hamamu isiyo na kuni. Wamaliki na Wahanbali walifika karibu na hapo kwa njia ya jawaih, ambayo ni majanga yasiyo na mkono wa mtu yanayoangamiza matunda yaliyokwisha kuuzwa yakiwa mtini: hasara hurudi kwa muuzaji, kwa sharti la Imam Malik, ambaye Wamaliki humfuata, kwamba ifike thuluthi. Imam Shafii, katika kauli yake ya baadaye, aliuona upunguzaji huo kuwa jambo linalopendeza, si la lazima. Jambo linalopendeza bado lina uzito kwa mtu anayejiona mcha Mungu, na si haki mwenye nyumba kujificha nyuma ya hukumu ya madhehebu huku akiuacha ushauri uliomo katika madhehebu hayohayo.

Mwenye nyumba naye si tajiri siku zote. Sehemu ya maduka ya miji ya pwani ni wakfu, mali iliyofungwa isiuzwe wala kurithiwa ili mapato yake yaende kwenye msikiti, madrasa au maskini, na msimamizi wake hana mamlaka ya kusamehe kodi kwa huruma tu, kwa kuwa fedha si zake. Mshahara wa mwadhini unatoka humo. Njia aliyonayo ni kumpa mdeni muda, jambo ambalo Kurani imeliamuru kwa kila mdeni aliye katika shida. Lakini muda haupunguzi deni, na ndiyo sababu mzigo huu hauwezi kuishia kwa watu wawili wanaotazamana mlangoni. Serikali ya Kenya ilipunguza kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 16 hadi 14, na kodi ya mauzo ya biashara ndogo kutoka asilimia 3 hadi 1. Ni nafuu ya kweli kwa anayeuza. Kwa aliyefungiwa, asilimia moja ya sifuri na asilimia tatu ya sifuri ni kitu kimoja, na nafuu ya ongezeko la thamani iliondolewa tarehe 1 Januari 2021.

Tanzania Bara ilichukua mkondo mwingine: shule zilifungwa Machi 2020, lakini masoko na maduka yaliachwa wazi na watu wakahimizwa kuchapa kazi na kumwomba Mungu. Kwa hesabu ya dhamana, hapo umma haukula chakula cha mfanyabiashara, na kwa hiyo haukudaiwa hasara ya kufungwa. Ndoo na vitakasa mikono vilivyowekwa milangoni vililipiwa na wenye maduka vilevile, na hatari iliyobaki ikabebwa na aliyekuwa ndani ya duka kutwa.

Amebaki yule asiye na mlango. Muuza kahawa wa Mji wa Kale, anayetembea na dele la shaba lenye makaa chini yake na vikombe vidogo vya kauri anavyovisuuza katika maji yaleyale, alikuwa hatari halisi kiafya, na kumzuia kulikuwa sawa. Hakuwa na mkataba wa kupanga ambao hofu ya jumla ingeuvunja, wala mauzo yaliyoandikwa ambayo kodi yake ingepunguzwa. Hata masharti ya kufungua hayakumtaja, kwa sababu yalitungwa kwa ajili ya watu wenye milango. Kilichomfikia, pale kilipomfikia, ni kifurushi cha unga na mafuta kilichotolewa kwa jina la zaka au sadaka, na waliotoa walifanya vyema. Zaka, hata hivyo, hutolewa kwa mtu kwa sababu ni fukara, na aliyefungiwa kazi anastahili kitu kwa sababu amefungiwa, awe fukara au asiwe. Hizo ni haki mbili zenye sababu mbili, na kwa kanuni za dhamana kulipa moja hakuifuti nyingine, hata kama mpokeaji ni yuleyule na kifurushi kilikuwa kizito.