Vikombe vya Wageni
Kwenye kabati la sebuleni kuna vikombe vya kaure ambavyo watoto wa nyumbani hawajawahi kuvinywea chai. Mgeni akipiga hodi, vinashushwa. Vitambaa vya makochi vinabadilishwa, udi unafukizwa, hata sauti ya mama inalainika. Mgeni akishaaga, vikombe vinarudi juu, na ukali unarudi mezani.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji huyo ni nani, kama si mwenzi wako na wanao?

Jioni ya leo, bila hodi ya mtu yeyote, vishushe vikombe hivyo. Mimina chai ya tangawizi. Wapokee wa nyumbani kama waliotoka safari ndefu.