Jina la Mdarizi

Kofia ya viua inayovaliwa siku ya Ijumaa katika miji ya pwani yetu, tangu Barawa na Siyu hata Lamu, Mombasa na Unguja, haina jina la mtu aliyeidarizi. Mwenye kuivaa aweza kulitaja duka alikoinunua, na mwenye duka aweza kumtaja mchuuzi aliyemletea. Lakini mkono uliolitoboa kila tundu, ukalizungushia uzi pande zote hata likawa na ukingo imara usiochanika kwa kufuliwa, ukaendelea hivyo kwa mamia ya matundu, majuma mengi na pengine miezi, mkono huo hakuna autajaye. Watu wa pwani hawakuliona jambo hili kuwa geni, kwa sababu wamezoea kuamini kwamba kazi ya sitara ni kazi ya heshima, na kwamba uzito wa viumbe katika kushukuru haupunguzi chochote katika hazina ya Mola. Nami naiamini imani hiyo. Lakini imani kwamba Mungu hampotezei mtu ujira wake haikuteremshwa ili sisi tupate ruhusa ya kumpotezea. Na ndiyo maana nauliza, bila ya haraka na bila ya nia ya kumvunjia mtu heshima, kama kutojulikana kwa mdarizi ni fadhila ya dini au ni haki iliyosahauliwa.

Swali hili sikulizua mimi. Lilitoka katika kikao cha wanawake wadarizi mjini Lamu, ambao hukusanyika baada ya Alasiri katika ukumbi wa mmoja wao, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja na mkoba wake wa nyuzi; nami nilisimuliwa na mtu wa nyumba hiyo ambaye neno lake naliamini. Kikao chenyewe ni chuo, ijapokuwa hakina ubao wala kengele. Vipande viwili vya bafta hulazwa kimoja juu ya kingine na kupigwa bandi. Mwenye ujuzi wa nakshi huchora kwa kalamu ya risasi maua, nyota na mistari ya kupishana, kwanza katika utepe mrefu utakaozunguka kichwa, kisha katika duara la utosini. Halafu kazi hugawanywa kwa kadiri ya macho na ustadi wa kila mtu. Msichana aliyeingia majuzi hapewi kofia bali hupewa kitambara, ajifunze kuvuta uzi kwa nguvu iliyo sawa, kwa kuwa uzi uliovutwa mno huikunja nguo na uliolegea hufumuka. Atafumua alichokishona mara nyingi kabla mwalimu wake hajanyamaza, na kunyamaza kwa mwalimu ndiyo sifa yake ya kwanza. Wako kati yao washonao kimya, na wako wamsaliao Mtume kwa kila tundu walimalizalo, hata kofia ikawa imeshonwa kwa uzi na kwa salawati pamoja.

Siku moja binti, aliyekuwa anakaribia kuimaliza kofia yake ya kwanza, alisema:

"Bi Mkubwa, naomba ruhusa nitie herufi ya jina langu kwa ndani, chini ya pindo, mahali pasipoonekana."

Mwalimu hakuinua macho. "Mwanangu, Mola amekwisha kukuandikia. Wamtaka msomaji gani mwingine?"

Akajibu mwanamke mwingine, mtu mzima kuliko wote waliokuwapo: "Msimkataze, Bi Mkubwa. Mola hasahau, nasi sote twalijua hilo. Huyu hakuomba Mola akumbushwe; ameomba sisi tukumbushwe."

Mazungumzo yaligeukia mambo mengine, na kama herufi ilitiwa au haikutiwa sikuambiwa. Lakini wale wanawake wawili waliyagusa mambo mazito ambayo wanazuoni wameyaandikia vitabu, na ni wajibu kuipa kila kauli haki yake.

Mwalimu alisimama juu ya msingi ulio imara kabisa. Hadithi ambayo Imamu Bukhari aliitanguliza katika Sahihi yake, iliyopokewa kwa Sayyidna Omar bin Khattab, yafundisha kwamba amali hupimwa kwa nia. Na Imamu Ghazali, katika ile robo ya Ihyaa aliyoiweka kwa ajili ya sifa zinazomwangamiza mtu, alitenga kitabu kizima kuonyesha jinsi kupenda cheo na riyaa vinavyouingia moyo kwa siri, hata mtu akawa anaswali, anafunga na kutoa sadaka, na yote hayo ameyafanya kwa ajili ya macho ya watu. Mwenye kuficha sadaka yake kwa mkono mmoja hata mkono wa pili usijue, amewekwa katika wale saba watakaopewa kivuli siku isiyokuwa na kivuli ila cha Mola. Basi mwalimu amwonapo mwanafunzi wake anataka kutia jina katika kazi njema, ana sababu ya kuingiwa na hofu, na hofu yake ni ya mzazi.

Tena darizi, kwa dhati yake, iko karibu na hatari hiyo kuliko kazi nyingine, kwa sababu ni pambo, na pambo limeumbwa lionekane. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipata kuswali ndani ya shuka yenye nakshi, nakshi zile zikamvuta jicho lake. Alipomaliza akaagiza irudishwe kwa Abu Jahm aliyemtunukia, na badala yake akaomba aletewe shuka yake isiyo na mapambo. Wapo waliokisimulia kisa hiki kana kwamba kinaharamisha kila nakshi, lakini wamekikata mwisho wake, na mwisho wake ndio ulio mzuri. Kwa nini Mtume aliomba shuka nyingine kwa mtu yuleyule? Washereheshaji wamesema kwamba alifanya hivyo ili Abu Jahm asidhani kuwa hidaya yake imedharauliwa, yaani hata katika saa ya kulinda khushuu ya sala yake hakuusahau moyo wa mwenye kutoa. Na upande wa pili Sura ya Al-Aaraf inawaamuru wanadamu wachukue mapambo yao katika kila mahali pa ibada, kisha inauliza ni nani aliyeharamisha pambo ambalo Mungu amewatolea waja wake. Na katika Sahihi ya Muslim yumo mtu aliyeogopa kwamba kupenda nguo nzuri na viatu vizuri ni kiburi, akajibiwa kwamba Mungu ni mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Maneno haya ya mwisho nayaomba yabaki katika kumbukumbu ya msomaji, kwa sababu yanakiondoa kiburi katika nguo na kukiweka mahali pake, ambapo ni jinsi tunavyowatendea wenzetu; na huenda mtu akawa amevaa kofia isiyo na ua hata moja na bado akawa nacho.

Sasa nije kwenye jina. Si kweli kwamba nguo za Kiislamu hazikupata kuandikwa majina. Katika dola ya Bani Abbas, na baadaye katika dola ya Mafatimi huko Misri, palikuwa na nyumba za tirazi, viwanda vya serikali vilivyotia katika kingo za nguo maandishi yenye jina la khalifa na dua ya kumwombea, na mara nyingine mji, mwaka na jina la waziri aliyeamuru kazi ifanywe. Nguo za Misri zenye nakshi zilifika mpaka pwani ya Afrika: Ibn Battuta alipotua Mogadishu mwaka 1331 alipewa, miongoni mwa mavazi ya heshima, kanzu ya kitambaa cha Misri chenye nakshi na kilemba cha Misri kilichodariziwa. Kiswa, yaani kitambaa kinachoifunika Al-Kaaba, ambacho kwa karne nyingi kilitoka Misri, na ambacho sasa hushonwa Makka kwenyewe katika kiwanda ambacho asili yake ni mwaka 1927, huchukua mamia ya kilo za hariri, na juu yake aya hudariziwa kwa nyuzi za fedha na za fedha iliyochovywa dhahabu. Na hata hapo, katika pazia la mlango, hudariziwa jina la mfalme aliyekitoa. Haijapata kusemwa kwamba jina la mtoaji linaibatilisha hidaya yake. Basi ikiwa jina la aliyeamuru na jina la aliyelipa yanakubaliwa juu ya nyumba tukufu kuliko zote duniani, sioni kwa dalili gani herufi moja ya binti wa Lamu, chini ya pindo, iwe ndiyo riyaa ya kuogopwa. Kama hofu ni ya haki, na iwe hofu ya wote. Tusiipunguze kwa mwenye nguvu na kumwongezea mnyonge.

Iko hadithi nyingine, ya Sahl bin Saad, katika Bukhari, ambayo kwangu mimi ndiyo yenye uzito kupita zote katika jambo hili. Mwanamke mmoja alimjia Mtume na shuka yenye kingo zilizofumwa, akamwambia kwamba ameifuma kwa mkono wake mwenyewe, naye amemletea aivae. Mtume akaichukua hali ya kuwa anaihitaji, akatoka nayo kwa watu hali ameivaa. Mtu mmoja akaisifu na kuiomba. Wenzake wakamlaumu, kwa kuwa walijua Mtume hamnyimi mwombaji. Naye akajitetea kwamba hakuiomba aivae bali iwe sanda yake, na kweli ikawa sanda yake. Riwaya hiyo haikulihifadhi jina la yule mwanamke. Lakini imehifadhi maneno yake, kwamba kazi ni ya mkono wake. Aliyasema kwa kinywa chake mbele ya yule aliyekuja kufundisha ikhlasi, na hakuambiwa kwamba amejionyesha wala kwamba ameharibu thawabu yake. Aliisema kweli kuhusu kazi yake, na kusema kweli si riyaa.

Pamoja naye namkumbuka Bibi Zainab binti Jahshi, mama wa waumini, aliyekuwa hodari wa kazi za mkono, akidabighi ngozi na kushona, na alichokipata akakitoa sadaka. Mtume aliwaambia wakeze kwamba atakayemfuata mapema baada ya kufa kwake ni yule mwenye mkono mrefu kuliko wenziwe, nao wakawa wanapima mikono yao. Hata Zainab, ambaye hakuwa mrefu wa kimo, alipotangulia kufa katika mwaka wa 20 wa Hijra, wakafahamu kwamba urefu uliokusudiwa ni ule wa kufanya kazi na kutoa. Bibi huyu hakujitangaza. Lakini Bibi Aisha, aliyekuwa mwenziwe na mshindani wake katika nyumba ya Mtume, ndiye aliyeusimulia wema wake, na kwa usimulizi huo sisi tumemjua.

Naona hapa ndipo jambo linapojitenga sehemu mbili. Kujificha ni amali ya mtendaji, na mtendaji peke yake ndiye awezaye kuichagua. Kumtaja ni deni la yule aliyenufaika. Zainab alinyamaza, na Aisha akasema, na kila mmoja akatimiza lililokuwa juu yake. Uovu huingia pale sehemu hizi mbili zinapobadilishana, mnunuzi akashika mimbari ya kumhubiria mdarizi ikhlasi, akimwambia kwamba malipo yake yako akhera, huku mkono wake ukipunguza bei. Maneno yake ni ya kweli, lakini hayakuwa yake kuyasema. Katika hadithi ya kudusi iliyomo ndani ya Bukhari, Mungu ametaja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni yule aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Hakimu anapokuwa ndiye mdai, mshitakiwa atamtafuta wakili gani?

Na dhuluma hii si ya kuwazia tu. Kofia zinazoshonwa kwa mashine zimejaa madukani kwa bei ambayo mkono wa mwanadamu hauwezi kushindana nayo, na mchuuzi huitumia bei hiyo kumtisha mdarizi, kisha akaenda kuiuza kofia ya mkono kwa thamani yake kamili, pengine mpaka Maskati, ambako kofia ya namna hii huitwa kumma na wajuzi hawaikosi kwa kuigusa tu. Mwanamke aliyekaa nayo miezi, akiishona baina ya kupika na kulea, hupata fungu dogo la kile anachopata aliyeibeba kwa siku chache. Asiyekuwa na jina hana wa kumtafuta. Mnunuzi wa Maskati akitaka kofia nyingine ya mkono uleule hajui amwandikie nani, na kwa hiyo atamrudia mchuuzi. Kwa njia hii kupotea kwa jina na kupotea kwa ujira kumekuwa jambo moja, na wale wanaodhani kwamba jina ni anasa ya nafsi hawajaitazama hesabu.

Kwa sababu hiyo vikao vya wadarizi vina kazi ya kufanya ambayo haipingani na unyenyekevu wao. Viweke daftari, liandikwe ndani yake kila nakshi, ni nani aliyeibuni na amemfundisha nani, kama vile wanachuoni wetu wanavyohifadhi ijaza, yaani hati za ruhusa ya kufundisha, ambazo kila mwalimu ndani yake humtaja mwalimu wake na hakuna aliyewatuhumu kwa majivuno. Viweke bei kwa shauri la pamoja, asibaki mjane mmoja kushindana peke yake na mchuuzi mlangoni pake. Na mwenye kutaka kuficha jina lake kwa ajili ya Mola wake aachwe afiche, kwa hiari yake, baada ya kulipwa sawasawa.

Limebaki pingamizi moja, nalo ni la kifiqihi, na baadhi ya wazee hulitaja kwa nia njema: kwamba majina yetu mengi yamebeba jina la Mungu, na kofia huingizwa chooni au hutupwa ikichakaa, na wanazuoni wamekirihi kuingia na maandishi yenye jina tukufu mahali pa najisi. Pingamizi hili nalistahi. Lakini yule binti hakuomba kuandika jina zima. Aliomba herufi moja, na herufi moja haina hukumu hiyo.