Bwana Cheape na Sungura wa St Andrews

Kuna wema ambao ukiutazama kwa muda mrefu unaanza kukusumbua. Mfano nilionao leo ni wa gofu, mchezo ambao wengi wetu tunaujua kwa kuchungulia uani tu.

St Andrews ni mji mdogo wa pwani ya mashariki ya Uskoti. Kando ya bahari pana uwanda wa mchanga na nyasi fupi. Mwaka 1552 Askofu Mkuu John Hamilton alitoa hati iliyotambua haki ya watu wa mji kucheza pale: gofu, mpira wa miguu, kulenga shabaha. Hati hiyohiyo ikamruhusu yeye kufuga sungura. Yaani mchezo na adui wake waliandikwa kwenye karatasi moja!

Shida ilikuja pale halmashauri ya mji ilipofilisika, na mwaka 1797 ikauachia uwanda ili ipate pesa. Muda si muda ukawa mikononi mwa akina Dempster, wafanyabiashara, ambao walipoutazama waliona sungura, na kwa sungura wakaona fedha. Sasa sungura naye hachimbi kwa adabu. Wachezaji wakakimbilia mahakamani, na mwaka 1805 wakaruhusiwa kuwaua. Hilo nalo halikumaliza kitu. Ugomvi ulivutwa kwa takriban miaka ishirini, wa mawakili na, pale uwanjani, wa ngumi.

Halafu mwaka 1821 akatokea James Cheape, mwenye ardhi wa Strathtyrum, jirani kabisa na uwanda, naye mwenyewe mcheza gofu. Akaununua. Biashara ya sungura ikaisha, mchezo ukabaki. Historia za gofu zinamwita mwokozi, na sina ubishi: alifanya jambo jema.

Lakini hebu tuulize. Waliookolewa walipata nini hasa? Haki walikuwa nayo tangu 1552, imeandikwa, ina muhuri. Haki ile haikumzuia hata sungura mmoja. Kilichomzuia ni kwamba mnunuzi mpya alipenda gofu. Angependa kondoo je? Au mjukuu wake angependa kondoo?

Mwanafalsafa Philip Pettit ana hoja inayonigusa hapa: mtu aliye chini ya bwana mpole bado yuko chini ya bwana, hata kama fimbo haijawahi kuinuliwa. Anaishi akisoma uso wa mwenzake kila asubuhi. Mpangaji yeyote mwenye mama mwenye nyumba mkarimu anajua hali hii. Kodi ikichelewa anakuambia "usijali mwanangu", nawe unashukuru kweli kutoka moyoni, ila usiku unajiuliza watoto wake watasemaje siku akiondoka.

Hata hivyo sikubaliani na wale wanaotaka kuifuta shukrani kabisa, eti kwa kuwa Cheape alikuwa tajiri na alijipendelea mwenyewe. Alijipendelea, ndiyo. Lakini hati peke yake ilikwisha kushindwa, na mji haukuwa na senti. Kati ya haki iliyoandikwa na haki inayoshikika mkononi palihitajika mtu mwenye pesa na sababu. Hilo linaniudhi, kwa sababu maana yake ni kwamba wachezaji waliokuwa na rafiki tajiri waliokoka. Je, uwanda mwingine ambao watu wake walicheza mchezo usiopendwa na bwana yeyote? Huo hauna historia ya kuandika.

Familia ya Cheape iliushika uwanda kwa miongo saba hivi. Katika miaka ya 1890 ukatoka mikononi mwao, na Sheria ya Bunge ya 1894 ikauweka chini ya mji tena. Sheria ile haina uso wa kusomwa asubuhi. Ndiyo sababu naipenda kuliko ununuzi wa 1821, ingawa bila ununuzi ule pengine kusingekuwa na cha kutungia sheria.

Jina lao bado liko uwanjani: mtego mmoja wa mchanga, kati ya njia ya shimo la pili na ile ya shimo la kumi na saba, unaitwa Cheape's. Jumapili, kwa kawaida, uwanja ule mkongwe hufungwa kwa wachezaji, na watu wa mji hupita hapo na mbwa wao bila kumwomba mtu.