Unajisi na Haki ya Mbwa wa Shamba

Unajisi wa mbwa ni hukumu ya tohara: unahusu mate yake, chombo alichokiramba, nguo na swala. Swali la maadili ni jingine, nalo ni hili: je, mnyama ambaye mate yake ni najisi ana haki yoyote juu ya mtu anayemfuga? Swali hili lina uzito katika vijiji vya kata ya Narung'ombe, wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, na katika vijiji vya upande wa Nachingwea. Huko Waislamu na Wakristo huishi pamoja na riziki hutoka shambani. Mbwa hupewa nafasi kwa sababu ya kazi yake, yaani kulinda nyumba na kufukuza nyani, ngedere na nguruwe pori wanaovamia mihogo na mahindi.

Waislamu wengi wa Afrika Mashariki hufuata madhehebu ya Shafi'i, ambayo huhesabu mbwa kuwa najisi nzito. Chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Methali inayosema ukicheza na mbwa atakufuata msikitini imebeba tahadhari hiyo hiyo. Madhehebu ya Maliki yana rai tofauti: mbwa aliye hai ni tohara, na kuosha chombo ni ibada tu. Tofauti hiyo yatosha kuonyesha kwamba hukumu ya mate haikukusudiwa kuwa hukumu ya thamani ya mnyama.

Ushahidi zaidi umo katika mafundisho yenyewe. Hadithi inayoonya dhidi ya kufuga mbwa bila sababu inawatoa katika onyo hilo mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Mbwa wa Narung'ombe yumo katika ruhusa hiyo. Qur'ani, katika sura ya Al-Kahf, inamtaja mbwa aliyelala mlangoni mwa pango pamoja na vijana waliomkimbilia Mungu. Hadithi mashuhuri inasimulia juu ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akila udongo kwa kiu, naye akasamehewa dhambi zake. Mate ya mbwa yule yalikuwa mate ya mbwa kama wengine, lakini hayakuzuia thawabu.

Baada ya unajisi kuwekwa mahali pake, hubaki kuulizwa kama anachodaiwa mfugaji ni huruma au ni haki. Wanafikra wamejibu kwa njia mbili. Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani wa karne ya 18, alitoa mfano wa mbwa aliyemtumikia bwana wake kwa uaminifu hadi akazeeka. Anayemuua mbwa huyo kwa kuwa hana kazi tena, kwa maoni ya Kant, hamkosei mbwa, bali anaharibu ubinadamu uliomo ndani yake mwenyewe. Fikra hii inakaribiana na dhana ya utu, inayompima mtu kwa anavyowatendea wanyonge. Ukristo nao una mwelekeo huo: kitabu cha Mithali kinamtambua mwenye haki kwa namna anavyoujali uhai wa mnyama wake.

Jibu la pili lilitolewa zamani zaidi, na mwanachuoni wa madhehebu yale yale ya Shafi'i. Izz al-Din ibn Abd al-Salam, aliyeishi Damascus na Cairo na kufariki mwaka 1262, aliorodhesha haki za wanyama juu ya binadamu. Mnyama alishwe hata akizeeka au kuugua kiasi cha kutoleta faida tena, asibebeshwe asichokiweza, asiwekwe pamoja na kinachomdhuru. Hapa anayedhulumiwa ni mnyama mwenyewe.

Majibu haya mawili yanaweza kumwongoza mfugaji kwenye tendo moja, lakini hayafungi mlango kwa nguvu sawa. Huruma ikiwa ndiyo msingi pekee, mtu anaweza kumtupa mbwa mzee porini, akaacha kumwona, na moyo wake ukatulia. Haki haiishi kwa mwenye deni kutulia. Huisha mwenye kudai anapolishwa. Kwa sababu hiyo jibu la haki ndilo linalomfaa zaidi mbwa ambaye hapendwi na hapakatwi, lakini ametumika.

Haki hiyo hujaribiwa zaidi kichaa cha mbwa kinapozuka. Ugonjwa huu, dalili zake zikishajitokeza, karibu daima huua. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa kichaa cha mbwa duniani kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Wanachuoni wanaruhusu kuuawa kwa mbwa mkali anayedhuru. Kuwaua mbwa wote ni jambo jingine: hadithi zinaeleza kwamba amri ya kuwaua iliyotolewa Madina iliondolewa baadaye, na mbwa wakatajwa kuwa umma miongoni mwa umma. Sayansi imefika hapo kwa njia yake. Katika kisiwa cha Flores, Indonesia, mbwa wengi mno waliuawa baada ya ugonjwa kuingia mwaka 1997, na ugonjwa ukabaki. Kinachoukata ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, tena mara kwa mara, kwa kuwa mbwa wapya huzaliwa kila mwaka.

Kusini mwa Tanzania njia hiyo imejaribiwa. Kuanzia mwaka 2010 mradi ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani ulichanja mbwa katika wilaya 28 za kusini mashariki, mkoa wa Lindi ukiwemo, na pia Pemba. Pemba, kisiwa ambacho karibu wakazi wake wote ni Waislamu, ugonjwa ulitoweka, ukarudi mwaka 2016, kisha ukadhibitiwa tena. Dhamana imebaki kwa jamii: chanjo ikisimama, ugonjwa una njia ya kurejea.

Wazo la kujenga makao ya kuwakusanya mbwa wanaozurura nalo hupimwa kwa kipimo cha haki. Utafiti wa vijijini Tanzania umeonyesha kuwa mbwa wengi wanaozurura wana wenyewe. Kwa hiyo nyumba ya kuwakusanya ingewapokonya wenye wajibu wajibu wao, na ikijaa ingewanyima wanyama nafasi, chakula na matibabu. Mfano unaofaa zaidi uko Lamu, ambako kituo cha punda kilichoanzishwa mwaka 1987 na Elisabeth Svendsen wa Uingereza huwatibu punda wa wenyeji bila malipo; aliyepona hurudi kwa mwenyewe. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 inaelekea huko pia: inamtambua mnyama kuwa kiumbe chenye hisia, na inazingatia uhuru wake dhidi ya njaa na kiu, adha, maumivu na magonjwa, hofu, na vizuizi vya tabia yake ya asili.

Kwa vijiji kama vile vya Narung'ombe, marekebisho yanayotokana na haki hii ni machache na yanawezekana: siku ya chanjo inayojulikana kila mwaka, inayotangazwa msikitini na kanisani, kuhasi mbwa ambao watoto wao hawatakuwa na mlezi, chombo cha maji cha mbwa peke yake, ambacho kinailinda tohara ya nyumba na kukata kiu ya mnyama kwa pamoja, na chakula kwa mbwa mzee ambaye hawezi tena kuwakimbiza nyani. La mwisho halileti faida yoyote shambani. Ndiyo maana ndilo linaloonyesha kama mfugaji alikuwa akilipa haki au akinunua kazi.