Kupumzika Si Kurudi Nyuma

Andiko: 1 Wafalme 19:1-8



Baadhi yenu mmetuona Jumamosi asubuhi kwenye barabara ya Iten, mimi na vijana, tukikanyaga baiskeli. Tunajiandaa kwa safari moja ngumu: kutoka daraja la Chebloch, chini kabisa katika Bonde la Kerio, tupande kona za Tambach hadi Iten, karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Ni kupanda zaidi ya mita 1,000. Huko mlima hauangalii cheo: usipokanyaga, unarudi chini.

Lakini leo sihubiri kuhusu kukanyaga. Ratiba yetu ina siku za vilima na siku ya mwendo mrefu wa polepole. Halafu kuna siku imeandikwa neno moja tu: LALA. Kijana mmoja alikataa. Akasema, "Pastor, hiyo siku mimi naongeza mazoezi, niwatangulie." Wiki ya tatu, kilima alichokuwa akipanda huku anaimba kikamshinda. Hakuwa mvivu, alikuwa amechoka. Ukipanda mlima, misuli inachakaa. Inajengwa upya baadaye, ukishakula na kulala. Mazoezi bila pumziko ni kama duka linalouza kila siku bila kuongeza stoki. Mauzo unayaona, lakini rafu zinabaki tupu.

Sasa twende kwa Eliya. Ametoka Karmeli. Moto umeshuka, mvua imenyesha, amekimbia mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli. Ushindi mkubwa! Sura inayofuata tunamkuta chini ya mretemu, anaomba afe.

Angalia Mungu alifanya nini. Hakumkemea. Hakumwambia aongeze siku tatu za kufunga. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate na maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akamwamsha mara ya pili ale, maana safari iliyokuwa mbele ilimzidi nguvu. Kwa chakula kile akatembea siku 40, mchana na usiku, hadi Horebu, mlima wa Mungu. Mungu alikuwa na swali la kumuuliza, lakini alingoja mpaka mtumishi wake amelala, ameshiba, amefika mlimani.

Nasema haya kwa sababu nawaona. Mama, unaamka saa kumi alfajiri kufungua kibanda, jioni uko kwaya, Ijumaa uko kesha, Jumamosi unaosha kanisa. Sasa machozi yanakutoka bila sababu na unadhani umelogwa. Ndugu yangu, ulitoka kazi ya usiku ukaja ibada moja kwa moja, ukasinzia, ukaguswa bega mbele ya watu. Hatujakuona tena. Tafadhali rudi. Si kila uchovu ni vita vya kiroho. Mwingine ni mwili unadai deni lake.

Mtu asiseme Pastor amehubiri uvivu. Eliya alilala, lakini aliamka akapanda. Na kwenye baiskeli tunakula kabla ya njaa, kwa sababu ukingoja miguu iishe nguvu, umechelewa. Vivyo hivyo na Neno: usingoje siku ya hospitali ndiyo ufungue Biblia.

Wiki hii fanya mambo matatu. Chagua siku moja ulale mapema bila kujihukumu. Viongozi wa idara, mwangalie aliyehudumu bila kupumzika, mmwachilie Jumapili moja aketi kama mshirika. Na kama umelala na uchovu bado hauondoki, au kama wewe pia umeanza kuomba ufe, usikae peke yako chini ya mretemu. Njoo tuongee, na umwone daktari pia.

Tuombe: Bwana, unajua mlima ulio mbele yetu. Tulishe, tulaze, kisha utuamshe tupande. Katika jina la Yesu. Amina.