Amana ya Kadhi, Kutoka Madina Hadi Taru

  

Ndugu zangu Waislamu wa Taru, na nyinyi mama zetu na dada zetu, kila siasa inapopamba moto swali hili hurudi: dini ina nafasi gani katika serikali? Kuna wanaosema haina, ibaki msikitini. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 8, inasema wazi kwamba Kenya haina dini ya taifa. Lakini katiba hiyo hiyo inaanza kwa kukiri ukuu wa Mwenyezi Mungu, na ibara ya 170 imeisimamisha Mahakama ya Kadhi. Nafasi tunayo. Tuulizane leo tunaitumia vipi.

Haikuja bure. Tarehe 5 Oktoba 1963, zikiwa zimesalia wiki chache tu Kenya ipate uhuru, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, waliandikiana barua. Mwambao uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar ungeingia Kenya, na serikali mpya ikaahidi kwamba Waislamu watakuwa huru katika ibada zao, Kadhi atabaki, na watoto wao watasomeshwa Kiarabu. Mwambao huo ulikuwa maili kumi tu kutoka baharini. Haukufika Mariakani, sembuse Taru. Babu zetu wa huku nyikani hawakuwa ndani ya mapatano yale. Ni Sheria ya Mahakama za Kadhi ya 1967 iliyoweka mahakama hizi nje ya ukanda ule pia, na mwaka 2010, baada ya mabishano makali na makanisa mengi, wananchi zaidi ya milioni 6 waliipigia katiba hii kura ya ndiyo. Wengi wao hawakuwa Waislamu. Mwenzako akikulindia haki yako ya dini ilhali yeye haimhusu, umebeba amana yake shingoni.

Kuishi na watu wa dini nyingine hakukuanza kwetu. Mtume, sala na amani zimshukie, alipohamia Madina mwaka 622 hakuukuta mji wa Waislamu watupu. Palikuwa na makabila ya Aus na Khazraj waliokuwa wamemwagana damu kwa miaka, Muhajirina walioacha mali zao Makka, na Mayahudi. Akaandikisha Sahifa ya Madina: kila kundi na dini yake, wote waulinde mji, na dhalimu asikingwe na ukoo wake hata akiwa mtoto wa nyumbani. Hapa petu tunaishi na Wakristo na wazee wa mila za Kiduruma, pengine chini ya paa moja. Kadhi naye hamlazimishi jirani yetu kitu, kwa maana kesi yake ni ya ndoa, talaka, mirathi na mambo kama hayo, baina ya Waislamu waliokubali kuhukumiwa naye.

Sasa tazameni tulivyoifanya amana hii. Mzee Mwislamu anakufa, anaoshwa, anasaliwa, anasomewa hitma. Siku chache baadaye watu wanakaa chini ya mti, na Kadhi hatajwi. Ami anasema ng'ombe ni wa ukoo, mjomba naye ana madai yake, vijana wa kiume wanalitazama zizi. Mjane yuko jikoni anapikia wageni, na mabinti walioolewa wanaambiwa wale kwa waume zao. Mwili tumeuzika kwa sharia, mali tunaigawa kwa nguvu.

Hesabu ya Mola si ngumu. Tuseme marehemu hana wazazi walio hai, madeni na wasia vimekwisha kulipwa, na zizini wamebaki ng'ombe 24. Ameacha mke mmoja, wana wawili na mabinti watatu. Mke ana thumni, ng'ombe 3. Wanabaki 21: kila mwana 6, kila binti 3. Wamekwisha, hakuna aliyeachwa. Hayo yako katika Surat An-Nisaa, aya ya 11 na 12, na aya ya 7 inatufundisha kwamba mwanamke ana fungu lake, mali iwe kidogo au nyingi. Anayelizuia fungu hilo kisha akasimama mkutanoni kudai dini iheshimiwe na serikali, aanze na zizi la ndugu yake.

Na viongozi wetu, kuanzia mzee wa mtaa hadi gavana, wamkumbuke Khalifa wetu Sayyidna Umar mwaka wa ukame mkubwa, wa 18 Hijria. Alikataa samli na nyama mpaka raia wake wapate, akala mafuta ya zeituni hadi rangi yake ikabadilika, na akaagiza chakula kutoka Sham. Nchi hii ya Taru inaujua ukame. Mifugo imekufa mbele ya macho yetu huku maji ya chemchemi za Mzima yakipita ndani ya bomba kwenda Mombasa. Kiongozi anayegawa mahindi ya msaada kwa waliompigia kura tu hata akijenga misikiti kumi hajaiingiza dini serikalini. Na sisi tunaopokea noti usiku wa kuamkia uchaguzi tunajua kwamba Mtume amemlaani mtoaji rushwa na mpokeaji pamoja.

Najua njia ya kwenda kwa Kadhi kule Kwale ni ndefu na nauli ni pesa nyingi kwa mjane. Basi kamati za misikiti yetu, kuanzia Ijumaa hii, tengeni fungu katika sadaka liwe la nauli ya wajane na mayatima wanaokwenda kwa Kadhi. Imamu au mwalimu wa madrasa amwandikie mjane majina ya warithi na idadi ya mifugo mapema, kabla ng'ombe mmoja hajatolewa zizini. Na wewe uliyeshika mali ya marehemu mpaka leo, irudishe kwa wenyewe ungali hai.